Mzee Lelei, Kadi Ile Haikuwahi Kusoma Joto

Mzee Lelei,

Kadi ile haikuwa ikisoma chochote. Ulisema hivyo tangu wiki ya kwanza, na mimi ndiye niliyethibitisha sasa, mwaka mmoja na miezi minne baada ya kukuzika. Sijui marehemu hufikiwa na habari kwa njia gani. Kanisani kwetu wanasema mnapumzika na msisumbuliwe na mambo ya huku. Basi nisamehe kwa kukusumbua. Sina mtu mwingine hapa Eldoret ambaye nikimwambia habari ya swichi nne ndogo kwenye kadi ataelewa kwa nini nililia.

Nianze na yaliyobadilika. Kiti chako nakikalia mimi. Kampuni ya mbegu walinipa kazi yako mwezi uliofuata baada ya wewe kufutwa, na sikukataa. Walileta kompyuta nyingine, aina ile ile, rangi ile ile ya maziwa yaliyokaa. Mlango wa ofisi bado unakwama. Vumbi la maganda ya mahindi bado linaingia kutoka stoo, na kila Jumatatu nalipangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, si kikavu, kama ulivyonifundisha. Wenzetu wanaponisalimu huniita fundi. Kila wakiniita hivyo nasikia kama wanamwita mtu aliye nyuma yangu.

Unakumbuka siku nilipoletwa kwako? Nilikuwa taipisti tu, Mbukusu kutoka Bungoma, nina watoto wawili na cheti cha kupiga chapa. Meneja alinileta akasema kompyuta ni taipu yenye kioo, kwa hivyo nitaizoea. Ulingoja aondoke, ukanipa bisibisi, ukaniambia nifungue sanduku. Niliirudisha bisibisi mezani. Ukasema, "Ikikufia mkononi, kosa ni langu niliyekupa." Tangu nizaliwe hakuna mkubwa aliyewahi kuniambia neno kama hilo. Wote walikuwa wakiniambia nisiguse.

Kisha ukanifundisha kutafuta ugonjwa wa mashine. Badilisha kitu kimoja, ungoje, uangalie. Ukibadilisha viwili kwa pamoja mashine ikapona, hujui dawa ilikuwa ipi. Ulikuwa umejifunza hivyo kwenye nguzo za simu, ukifuata waya uliokatika kutoka Kaptagat hadi mjini, nguzo moja moja, kwenye mvua. Nilikuwa nakuona mtu wa polepole. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ulikuwa unakataa tu kudanganywa.

Halafu ile programu ikaja.

Mimi pia niliifurahia, nakiri. Tuliambiwa ni programu ya kuchunga kompyuta yenyewe: inaangalia joto ndani ya sanduku, inaangalia nguvu ya stima inayoingia, na mambo yakiharibika inapiga kelele kabla mashine haijaungua. Ilikuja na kadi ya kuchomeka ndani, yenye waya mwembamba, na kwenye ncha ya waya kishanga cha kuhisi joto. Stima ya Eldoret tunaijua. Na ndani ya ile kompyuta kulikuwa na majaribio ya mbegu ya miaka kumi na moja: shamba gani lilipandwa nini, mahindi yapi yalistahimili baridi ya nyanda za juu, yapi yalioza. Nani asingetaka mlinzi?

Yule kijana fundi aliyetumwa kutoka Nairobi alikuwa na haraka ya kurudi. Kadi mpya na kadi ya ile mashine ya kanda, ambayo wewe uliitumia kila Ijumaa kutoa nakala, hazikukubali kukaa pamoja. Zikiwa zote mbili ndani, kompyuta haikuwaka. Basi akaing'oa ya kanda, akaiweka juu ya kabati pamoja na kanda zenyewe, akasema nakala zitapangwa baadaye. Kompyuta ikawaka. Kwenye pembe ya kioo pakatokea namba ishirini na mbili kwa rangi ya kijani, na chini yake neno la kusema kila kitu kiko salama. Ulimuuliza kama kadi ile ilitengenezewa mashine ya aina yetu. Alijibu kwamba kadi ni kadi.

Wiki hiyo hiyo mkubwa wa chama tawala alikuja kuizindua. Tulipanga mstari, beji kifuani, wasichana wa shule wakaimba. Alisimama mbele ya kioo akapigwa picha, na tulipokuwa bado tunapiga makofi ulininong'oneza kwamba watu ishirini wamejaa kwenye kachumba hako, jasho linatutoka, na ile namba haijasogea.

Kesho yake meneja alitoa feni kwetu akaipeleka ofisini kwake, kwa sababu mashine sasa inajichunga.

Ulienda maabara ukaazima kipima joto cha kabati la kuoteshea mbegu. Tulifungua sanduku saa saba mchana ukakiingiza pale karibu na diski. Kilisoma arobaini na sita. Kioo kilisema ishirini na mbili. Ulikishika kile kishanga kwa vidole, ukakipulizia pumzi, ukakikaribishia kikombe cha chai ya moto. Ishirini na mbili. Ukakaa chini. Ndipo uliposema, "Mashine isiyojua ni heri iseme haijui."

Barua zako mbili kwa meneja nilizipiga chapa mimi. Ya kwanza iliomba ruhusa ya kuichunguza kadi na kurudisha kanda. Alikuita, akakufundisha siasa. Alikuuliza kama unataka kusema kwamba mkubwa alizindua kitu kibovu. Ulirudi ukaniambia kwamba umeulizwa swali lisilo la kompyuta. Ya pili ilikuwa fupi zaidi. Haikujibiwa.

Ndipo ukaweka sheria yetu ndogo: kiangazi chote, kila siku saa sita mchana, tunazima mashine kwa saa nzima, kioo kiseme kitakavyo. Tulifanya hivyo wiki baada ya wiki, na haikuharibika kitu.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe, Mzee. Nimeirukaruka kwenye barua nne nilizozichana kabla ya hii.

Ulikuwa umeomba ruhusa ya siku moja kwenda kuzika jirani yako Kaptagat. Uliponiachia ofisi hukuniambia mengi, ulisema tu nisisahau saa sita. Sikusahau. Saa sita ilipofika nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye swichi. Meneja akaingia, akasema wageni wanakuja saa nane na anataka ripoti nzima ichapishwe, kurasa zote. Nikamwambia mashine inapumzishwa. Akaelekeza kidole kwenye kioo akaniuliza imeandikwa ngapi. Nikasema ishirini na mbili. Akaniuliza kama mimi najua kuliko kioo.

Nilijua kuliko kioo, Mzee. Nilikuwa nimekiona kipima joto kwa macho yangu. Lakini nilitoa mkono kwenye swichi nikaanza kuchapisha.

Stima ilikuwa ikipanda na kushuka tangu asubuhi. Saa saba na kitu nilisikia harufu, kama nywele zinazoungua. Kisha diski ikatoa mlio wa chuma kukwaruza chuma. Nilichomoa waya ukutani, lakini moshi ulikuwa umeshatoka. Na jambo ninaloliona hata sasa nikifumba macho ni kwamba kabla kioo hakijafa, namba ilikuwa bado pale, kijani, imetulia, na neno lake la usalama chini yake.

Miaka kumi na moja ikaisha namna hiyo. Nakala ya mwisho ya kanda ilikuwa ya kabla ya ile kadi kuja, na tulipojaribu kuisoma nusu yake ilikuwa imeharibiwa na unyevu huko juu ya kabati. Wazee wa mashambani waliokuwa wakitupimia magunia msimu baada ya msimu walikuja kuuliza matokeo yao. Mpaka leo tunawapa wakulima wa nyanda za juu mbegu kwa kukisia. Mwaka huu baridi iliwaulia mahindi wengi wao, na mmoja alinijia na bua jeusi mkononi, akaliweka mezani kwangu, akaondoka.

Wewe ulirudi kesho yake ukiwa na udongo wa kaburi la jirani kwenye viatu. Ulikuta watu wawili wa usalama wanakungoja kwa meneja. Mimi walishanihoji.

Nataka ujue hasa walivyonihoji, kwa sababu sikuwahi kuja kukuambia. Hawakunipiga. Hawakupaza sauti. Waliniuliza kama Lelei alikuwa akifungua sanduku bila ruhusa. Nikasema ndiyo. Waliniuliza kama aliingiza vitu ndani yake. Nikasema kipima joto. Waliniuliza kama alinifundisha kuzima mashine ya kampuni saa za kazi. Nikasema ndiyo, lakini. Yule aliyekuwa akiandika hakuliandika neno lakini. Nilianza kueleza habari ya kadi, mwenzake akaniuliza watoto wangu wanasoma shule gani, kwa upole kabisa, kama jirani. Kisha wakanisogezea karatasi. Kila neno lililoandikwa pale lilikuwa kweli. Ukiyasoma kwa pamoja yalisema kwamba wewe ndiye uliyeiua mashine kwa makusudi, kuuhujumu mradi wa maendeleo.

Niliweka sahihi. Kalamu ilikuwa yako, ile ya bluu uliyoisahau mezani.

Walikuweka siku tisa. Hakuna kesi iliyofunguliwa, hakuna aliyekuomba radhi. Walikutoa na kikohozi, na barua ya kufutwa ilikuwa inakungoja. Kwa wiki mbili hivi ulikuwa ukionekana mjini, umevaa koti lako la kijivu, ukitafuta kazi ya kutengeneza hata redio. Watu wakikuona walikuwa wakivuka barabara kukukwepa. Nasema watu, Mzee, lakini mimi ni mmoja wao. Karibu na posta ulikuja upande wangu, nikaingia kwenye duka la viatu nikasimama nikiangalia viatu vya wanaume mpaka ulipopita. Najua uliniona. Ulipunguza mwendo, kisha ukaendelea.

Sikuja kukuona ulipougua. Nilisikia kwamba kifua kimezidi, kwamba unalala umekaa. Kila Jumapili nilijiambia nitakuja Jumapili ijayo.

Kwenye mazishi nilisimama nyuma kabisa, karibu na ua. Watu walikuwa wachache. Mzee wa kanisa aliomba haraka kama mtu anayeogopa kuonekana, na wanaume wa kubeba jeneza hawakutosha, mpaka shemeji zako wakarudi kulishika mara ya pili. Mama Jerop, mke wako, alinitambua. Alikuja mwenyewe, akanishika mkono, akanipeleka ndani na kunipa chai. Akaniambia kwamba ulikuwa ukinitaja, ulisema Nekesa ana mkono mwepesi na atafika mbali. Sikuimaliza ile chai. Nilimwambia nina safari, nikaondoka.

Hukumwambia. Ulikaa kitandani miezi mitatu, na karatasi yenye sahihi yangu waliisoma mbele yako, na hukumwambia mke wako. Nimejaribu kuelewa kwa nini na sijaweza. Kama ulifanya hivyo kunihurumia, huruma hiyo imenilemea kuliko laana.

Sasa habari ya kadi.

Ile kadi haikuungua. Waliitoa kwenye mashine iliyokufa wakaichomeka kwenye mpya. Namba ikatokea tena pale pale. Nilikaa nayo zaidi ya mwaka nikiitazama. Mwezi uliopita meneja alikuwa na mkutano wa siku tatu Nakuru, nikafunga mlango nikaanza kazi kwa njia yako, kitu kimoja kimoja.

Kwanza nilichomoa waya wa kishanga. Namba haikubadilika. Nikaurudisha. Kisha nikaitoa kadi yenyewe, nikaiweka mezani, nikawasha kompyuta bila kadi kabisa. Ishirini na mbili. Mzee, kadi ilikuwa mezani mbele yangu na kioo kilikuwa kinanisomea joto. Nilisimama nikatembea nikizunguka kiti mara kadhaa ndipo nikaweza kukaa tena.

Nilikitafuta kitabu cha maelezo, nikakikuta kwenye stoo chini ya magunia. Nilikisoma kwa siku mbili na kamusi. Karibu na mwisho kuna jedwali la aina za mashine, na yetu imewekewa alama ya nyota. Maelezo ya nyota yako ukurasa wa nyuma kwa herufi ndogo: kwa mashine za aina hii, zile swichi nne ndogo kwenye kadi lazima zigeuzwe, kwa sababu programu huitafuta kadi mahali tofauti. Zisipogeuzwa, programu inabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Na aliyeiandika hakuifundisha kusema kwamba hakuna aliyefungua. Aliipa namba ya kuanzia, ikabaki nayo.

Niligeuza swichi kwa ncha ya kalamu. Nikairudisha kadi, nikawasha. Namba ikasoma ishirini na saba. Nikangoja. Ishirini na nane. Thelathini. Nilikishika kishanga, ikapanda. Nikakiachia, ikashuka. Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, mpaka mtu wa stoo akagonga mlango kuuliza kuna nini. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Ungepewa ruhusa uliyoiomba kwenye ile barua ya kwanza, ungeimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Na usidhani kwamba nimeshinda. Meneja aliporudi, mchana wa pili, joto lilifika hamsini na kompyuta ikapiga kelele kama ilivyotakiwa. Alikuja mbio. Nilimwonyesha kila kitu, kitabu, nyota, swichi. Alisikiliza mpaka mwisho, na niliona usoni kwake kwamba ameelewa vizuri kabisa. Kisha akaniambia nirudishe kama ilivyokuwa, kwa sababu wageni wakija itapiga kelele na wataanza kuuliza ilianza kufanya kazi lini.

Nilirudisha. Sitaki kukuficha. Nilizigeuza swichi kwa mkono wangu huu, namba ikarudi ishirini na mbili, akanishukuru.

Siku tatu sikuweza kula. Ya nne nilikaa kwenye taipu nikaandika maelezo mapya, yote, pamoja na lile lakini ambalo halikuandikwa, pamoja na saa sita na kidole cha meneja kwenye kioo na mkono wangu kwenye swichi. Nikaweka sahihi. Nilimpa meneja nakala moja. Aliikunja akaitia kwenye droo, akaniuliza, kwa maneno yale yale karibu, watoto wangu wanasoma shule gani.

Nakala ya pili niliipeleka Kaptagat Jumapili iliyopita. Nilimkuta Mama Jerop anakamua. Alinikaribisha kama siku ile, na safari hii nilikataa kukaa mpaka niseme. Nilimsomea nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu yeye macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Nilipomaliza hakulia. Aliniuliza kama nilikuwa na haya yote ndani yangu siku ile aliponipa chai. Nikasema ndiyo. Akainama akachukua ndoo yake ya maziwa.

"Mimi nilimjua mume wangu," akasema. "Hukuwa na haja ya kuja kuniambia mimi. Waambie waliokataa kumbeba."

Akaingia ndani akafunga mlango; nakala yake niliisukuma chini ya mlango. Sikumlaumu. Nilirudi mjini kwa miguu mpaka nilipochoka.

Sitegemei chochote, Mzee. Mbegu hazitarudi. Kifua chako hakitapona. Meneja ataendelea na kiti chake, na kwenye kioo itaendelea kuandikwa kwamba kila kitu kiko salama. Hata msamaha siuombi, kwa sababu wewe umeshanyamaza na hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kunipa. Watoto wangu nimewapeleka Bungoma kwa mama yangu jana, pamoja na nguo zao zote na vyombo vichache, kwa maana sijui wiki ijayo nitakuwa wapi.

Kesho ni Jumapili. Nitapanda kuja kanisani kwenu Kaptagat. Nimemwomba mzee wa kanisa dakika tano za matangazo, na amenipa bila kujua ni za nini. Watakuwepo wote, waliovuka barabara kukukwepa na wasioshika jeneza, na chifu hukaa benchi la mbele. Nimeapa kwako kwamba sitatoa mkono safari hii hata kama mtu atasimama kunikatiza. Nitasoma karatasi yote, polepole, kwa Kiswahili ambacho kila mtu anakisikia, na nikimaliza nitabaki nimesimama pale ili anayetaka kuniuliza aniulize.

Lala, Mzee wangu. Nisipotoka salama hapo kanisani, Mama Jerop ana nakala, na nyingine iko Bungoma.

Mimi niliyekuwa mwanafunzi wako,
Nekesa